Shairi Lililokatwa Ubeti wa Mwisho: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi Kimoja cha Sanaa Unguja

Kisa hiki kinahusu shairi la beti kumi na moja, lililosomwa usiku wa Jumamosi baada ya sala ya Isha katika sebule ya nyumba moja ya Miembeni, mjini Unguja, na kinahusu pia video ya sekunde arubaini iliyotoka ndani ya sebule hiyo na kufika mashamba kabla baadhi ya wasikilizaji hawajafika majumbani kwao. Ninakiandika kwa ruhusa ya mshairi, ambaye ameomba asitajwe jina, na kwa makubaliano ya wenzangu wa kikundi, ambacho nacho sitakitaja kwa sababu kukitaja kikundi ni kumtaja yeye. Mimi ndiye ninayehariri vijitabu vyetu. Usiku ule nilikaa karibu kabisa na kijana aliyerekodi, nikaiona simu imeinuliwa, na sikusema neno. Kwa hiyo uchambuzi huu unanigusa na mimi.

Kikundi chetu kilizaliwa kutokana na swali ambalo watu wengi wa hapa walijiuliza tarehe 7 Oktoba 2021, pale Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi: imekuwaje ulimwengu unamsoma na sisi hatuna riwaya yake hata moja kwa Kiswahili? Tulianza kukutana watu sita, mmoja wetu akitufasiria ukurasa kwa ukurasa, wengine tukisikiliza na kubishana. Mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilipotoka kwa jina la Peponi, tulikuwa tumeshafika kumi na wawili, na kusoma peke yake kulikuwa hakututoshi tena. Miongoni mwetu walikuwamo watu waliokuwa na kazi zao wenyewe ambazo hazikuwa na pa kwenda: mchoraji aliyekuwa akichora juu ya kanga kuukuu na kuyageuza majina ya kanga hizo, yaani misemo iliyopigwa juu yake, yaseme yale ambayo wanawake huyasema jikoni tu, kijana wa Bumbwini aliyeandika juu ya baba anayelia, na wengine ambao kazi zao zilikuwa zimekataliwa mahali pengi kwa jibu lile lile la upole, kwamba ni nzuri lakini watu hawatazipokea.

Tukaandika katiba ya ukurasa mmoja. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: Tutampa jukwaa yule anayeogopwa. Tuliipenda sana sentensi hiyo, na tuliitekeleza kwa uaminifu. Hatukuwa na mfadhili, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutuambia tukate neno hili au lile. Vijitabu tulivipiga fotokopi katika duka moja karibu na Darajani, tukavishona kwa uzi, tukaviuza kwa shilingi elfu mbili, na fedha ikirudi tunapiga vingine. Matamasha makubwa ya hapa, kama ZIFF, lile la filamu, iliyoanza mwaka 1998 na Sauti za Busara, lile la muziki, iliyoanza mwaka 2004, yana watu ambao kazi yao ni kumpokea msanii, kumlinda na kumrejesha alikotoka. Sisi tulikuwa na sebule, mikeka, birika la kahawa na ile sentensi.

Mshairi mwenyewe alitujia kupitia kwa rafiki. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, amesomeshwa na bibi yake, na ameyajua mashairi ya zamani kwa moyo kabla hajajua kuyaandika. Shairi alilotuletea lilihusu muhali. Kwa msomaji asiyekaa Visiwani nitalieleza neno hilo kidogo, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Muhali ni ile haya ya kumkosea mtu wa karibu, uzito wa kumwambia jamaa au jirani jambo litakalomvunjia heshima, na kwa upande wake mzuri ndio unaofanya nyumba zetu zikae pamoja. Lakini mtoto anapodhalilishwa kijinsia na mtu wa karibu, muhali huo huo ndio unaowakalisha wazee kitako, wakalimaliza jambo nyumbani, na kesi isifike popote. Serikali imelisema hili, masheikh wamelisema, na tangu mwaka 2011 vimeanzishwa vituo vya Mkono kwa Mkono ambako aliyefanyiwa udhalilishaji humkuta daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Yote hayo yamesemwa kwa lugha ya semina. Yeye alilisema kwa lugha ya mkeka wenyewe ambao wazee hukalia:

Wazee wameketiye, mkeka wameutanda,
Kahawa na wainywiye, halua wakaipenda,
Mama mtu wamwambiye, "Yamekwisha, nenda, nenda,"
Muhali nyumba ya giza, na ufunguo ninao.

Mstari wa halua ndio uliotunyamazisha tulipousikia mara ya kwanza. Hakuna tusi ndani yake, hakuna hata neno la lawama, na bado mtu akiusikia huiona sinia, huiona mikono inayolifuata sinia, na humwona mama aliyesimama mlangoni asiyepewa hata pa kukaa.

Katika kikao cha matayarisho baadhi yetu tulimshauri aliandike upya kwa mtindo huru, tukiamini kwamba vina na mizani vinalifanya lisikike la kizamani na kwamba ujasiri wa maudhui unataka ujasiri wa umbo. Alikataa. Alisema kwamba bibi yake hawezi kulishika shairi lisilo na vina, na kwamba shairi ambalo bibi yake hawezi kulishika halina kazi. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua yeye na kuliko tulivyojua sisi, kwani ni vina hivyo hivyo vilivyolifanya lishikike na kutembea haraka namna ile.

Jambo moja zaidi kuhusu shairi lazima lijulikane. Katika ubeti wa saba aliutaja mlango wa buluu wenye mti wa mkungu mbele yake. Mlango huo ulikuwa wa nyumba ya bibi yake mwenyewe, na mshairi aliuchukua kwa sababu ndio mlango alioujua vizuri. Na katika ubeti wa kumi na moja, ambao ni wa mwisho, msemaji wa shairi anageuka na kukiri kwamba naye alikuwamo chumbani, kwamba naye aliiandaa kahawa, na kwamba ufunguo anaoutaja katika kiitikio alikuwa nao muda wote. Ubeti huo ndio unaolifanya shairi kuwa toba. Bila ubeti huo, shairi ni mashitaka.

Usiku wenyewe ulikuwa mzuri. Walikuja watu wapatao sitini, wengine wakakaa kwenye baraza nje na kusikiliza dirishani. Alisoma akiwa ameketi, karatasi mapajani, na hakuitazama. Alipofika ubeti wa saba kijana mmoja wa kikundi, mpenzi mkubwa wa kazi zake, aliinua simu. Alirekodi beti mbili na nusu, akaona zimetosha kuwaonjesha watu, akazituma hapo hapo katika makundi mawili ya WhatsApp, huku mshairi akiendelea kusoma ubeti wa tisa. Sina shaka yoyote juu ya nia yake: alikuwa akitaka watu wajue kwamba kuna jambo kubwa linatendeka Miembeni.

Usiku huo huo kulitokea jambo jingine ambalo video imelifunika na ambalo kwangu lina uzito sawa. Watu walipokuwa wakiondoka, wanawake wawili walibaki. Hawakujuana. Kila mmoja alimvuta mshairi pembeni na kumweleza lililompata, mmoja akiwa na siri ya miaka thelathini. Mshairi aliwasikiliza mpaka karibu na saa sita za usiku, peke yake, sisi tukikunja mikeka. Hapakuwa na mtu hata mmoja miongoni mwetu aliyefikiri kabla kwamba shairi kama lile litafungua vifua vya watu, na kwamba aliyefunguliwa kifua anahitaji mtu wa kumshika mkono. Tulikuwa tumeagiza viti vya ziada na kahawa ya ziada, na hatukuwa tumemwalika mshauri hata mmoja.

Kufikia Jumapili adhuhuri video ilikuwa imefika katika kijiji kimoja cha kaskazini ambako kuna nyumba yenye mlango wa buluu na mkungu. Familia ya nyumba hiyo ilikuwa kweli na mtoto, na mtoto huyo alikuwa kweli na jambo lake, ambalo mshairi hakulijua wala hakuwahi kulisikia. Watu wakaunganisha. Jioni ya siku hiyo hiyo mtoto akawa anatajwa kwa jina katika ujumbe wa sauti unaopita simu hadi simu, na Jumatatu asubuhi hakwenda skuli.

Hapa ndipo kikundi kilipofanya kosa la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilifanywa na mtu mmoja kwa msisimko na hili tulilifanya sote kwa makusudi. Ami wa mshairi alikwenda nyumbani kwao Jang'ombe kumkaripia kwa kuuaibisha ukoo, habari zikatufikia, na sisi tukaona tunavamiwa. Tukakaa tukaandika tamko. Lilikuwa na aya tatu juu ya uhuru wa sanaa na juu ya jamii inayomwogopa msanii, na lilikuwa limeandikwa vizuri, nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyelihariri. Tukalitoa usiku wa Jumatatu. Hatukumuuliza mshairi, ambaye simu yake ilikuwa imezimwa, na hatukujua habari za mtoto, kwa sababu hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote swali lolote. Mtu wa kijiji kile aliyelisoma tamko letu alielewa jambo moja tu: kwamba watu wa mjini wamemtangaza mtoto wao na sasa wanajisifia.

Aliyetuzindua ni mama mmoja mtu mzima wa mtaani, aliyeimba taarabu ya wanawake katika ujana wake na ambaye alikuwa akija kwenye vikao vyetu kusikiliza tu. Alikuja Jumanne akatukuta tunajadili tamko la pili. Tukampa shikamoo, akaitikia, akakaa, akauliza, "Mwari wenu yuko wapi?" Hatukujua. Akasema, "Sisi tukipashana jukwaani, mwenzetu akitupiwa neno, usiku ule halali peke yake. Tunalala kwake. Nyinyi mmemtoa mtoto wa watu akaseme, kisha mkenda zenu kuandika." Hakuongeza neno. Alituomba tu tumwonyeshe njia ya kwenda Jang'ombe, na wawili wetu tukafuatana naye.

Mapokeo ambayo mama yule aliyazungumza kwa maneno machache yamejaa mifano, na nadhani tuliyataja mara nyingi katika vijitabu vyetu bila kuyaelewa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, tunamtaja kila mara kama mwanamke mmoja aliyethubutu. Ni kweli alithubutu. Wimbo wake juu ya mtu aliyeitwa Kijiti unaeleza mauaji ya mwanamke mgeni na jinsi muuaji alivyokimbia ilhali lawama ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi, na kuimba hivyo chini ya mahakama za ukoloni halikuwa jambo jepesi. Lakini Siti hakuimba peke yake. Alikuwa na wenzake, watungaji na wapigaji, waliokutana nyumbani kwake Ng'ambo, mjini Unguja, watu wa mtaa wakija na habari zao, nyimbo zikitungwa na kurekebishwa mbele ya masikio ya watu wanaoyajua mambo yenyewe. Aliyetaka kumkabili Siti ilimbidi alikabili kundi zima na mtaa mzima. Na jina lililotajwa katika wimbo ule lilikuwa la mtenda, katika jambo lililokwisha kufika mahakamani. Sisi hatukumtaja mtu, tukadhani kutotaja ni usalama, na nafasi ile tupu ikajazwa kwa jina la aliyetendewa.

Tofauti hiyo imenifikirisha kwa muda mrefu. Tumezoea kusema kwamba fumbo humlinda msanii, na katika kanga, katika mipasho, katika kibati cha Pemba ambako waghani hurushiana maneno kwa kasi ya ngoma, tumeona likimlinda. Lakini pale pote msemaji na msikilizaji wako uwanja mmoja na wanajuana, na fumbo lina wa kulifumbua. Fumbo likitolewa nje likafika kwa watu ambao hawamjui mwenyewe wala hawajasikia mwisho wake, huwa yatima, na kila mtu hulitafutia baba. Beti mbili na nusu za shairi letu zilipata baba katika muda wa saa kumi na tano.

Kuna mfano mwingine wa Pemba ambao ulitufaa zaidi tulipokaa kujirekebisha. Kamange na Sarahani, washairi waliokutana katika karne ya 19, wamekumbukwa kwa kujibizana. Mmoja alipotunga jambo, mwenzake alikuwa na njia ya kumjibu, kwa umbo lile lile na mbele ya watu wale wale, na jibu nalo likahifadhiwa pamoja na lililojibiwa. Mtu akiyasoma leo anasoma mazungumzo. Sisi usiku ule tulimaliza shairi, tukapiga makofi, tukamkaribisha mpiga udi. Aliyekuwa na la kusema hakupewa pa kulisemea, akaondoka nalo, na njiani akakutana na simu.

Katika kikundi hatukukubaliana sote, na mawazo ya waliopinga yanastahili kuandikwa kwa uzito wake. Mchoraji wetu wa kanga alishikilia kwamba tukianza kuuliza kila mara nani ataumia, tutakuwa tumejenga udhibiti wa sanaa ndani ya nyumba yetu wenyewe, tena mbaya zaidi kwa sababu utavaa sura ya huruma. Alitukumbusha kwamba kazi zake zilikataliwa na watu waliokuwa wakimhurumia. Hoja yake siwezi kuiondoa, na ninaogopa kikundi ambacho hakina mtu wa kuisema. Nilichomjibu, na ambacho bado ndio msimamo wangu, ni kwamba swali hilo tulielekeze kwetu na tusilielekeze kwenye kazi. Mshairi hakuombwa kufuta hata silabi moja. Walioombwa kubadilika ni walioshika simu, walioandika tamko na waliopanga usiku bila kupanga siku inayofuata. Mchoraji hakuridhika kabisa, lakini alibaki.

Tulilifuta tamko Jumatano. Alhamisi watu wanne, wanawake watatu, mama yule akiwa mmoja wao, na mwanamume mmoja, walikwenda kijijini. Hawakwenda kuliombea radhi shairi, kwani shairi halikuwa na kosa na mshairi asingekubali. Walikwenda kuomba radhi kwa video na kwa tamko, na kueleza kwamba mlango ulikuwa wa nyumba nyingine. Baba wa mtoto aliwapokea barazani, akawasikiliza, hakuwakaribisha ndani. Alisema maneno mawili matatu, kwamba amesikia, na kwamba lililotoka halirudi. Wakashukuru, wakaondoka.

Mshairi alikwenda kukaa kwa shangazi yake Wete, Pemba. Nauli ya boti ilichangwa mkono kwa mkono, jambo lililotuonyesha jinsi tulivyokuwa tumejiandaa kumpa mtu jukwaa bila kuwa na hata nauli ya kumwondolea mashaka. Sasa sehemu ya fedha ya kila kijitabu inawekwa kando kwa ajili hiyo, na haiguswi kwa kahawa wala kwa karatasi. Mlangoni pana pakacha la simu, na anayelishika ni kijana yule yule aliyerekodi, ambaye aliomba kazi hiyo mwenyewe. Baada ya kila usomaji huwa na muda wa majibu usiopungua muda wa usomaji wenyewe, na kwa kazi zinazogusa udhalilishaji hukaa nasi mtu mwenye ujuzi wa kuwasikiliza walioumizwa, anayeujua mlango wa Mkono kwa Mkono na anayeweza kufuatana na mtu mpaka huko.

Huko Wete, mwezi wake wa pili, shangazi alimtaka alisome shairi lake mbele ya wanawake anaoshona nao. Walikuwa tisa, na hapakuwa na simu. Alilisoma lote, beti kumi na moja, na alipofika mwisho mmoja wao akamwomba arudie ubeti wa toba, kisha akautaka tena. Baadaye watatu kati yao, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia kwamba nyumba yenye mlango wa buluu wanaijua. Kila mmoja alikuwa akiisema nyumba tofauti.

Aliporejea Unguja tulikuwa tukitayarisha kijitabu, safari hii kwa shairi zima. Alichukua kalamu akaifuta rangi ya mlango katika ubeti wa saba, akaweka neno jingine lenye mizani ile ile, na mkungu akauondoa. Hakutuuliza na hatukumwambia. Kijitabu kimepigwa mara tatu tangu hapo.

Katiba bado ni ya ukurasa mmoja na sentensi ya kwanza haikubadilishwa, ila chini yake imeongezwa nyingine inayotaja asubuhi ya siku ya pili na nani atakuwa wapi. Familia ya kijiji kile tulikwenda kuiona mara ya pili baada ya mwezi mmoja, na mlango haukufunguliwa. Mtoto alihamishiwa skuli ya mbali kidogo, anakwenda kwa daladala, na habari hizo tulizipata kwa jirani.